Ndege za doria Ushelisheli: maswali yenu

Ndege mbili zinatosha kulinda bahari yote ile?

Tupige hesabu. Eneo la kiuchumi la bahari la Ushelisheli linazidi kilomita za mraba milioni 1.3. Dornier 228, aina ambayo India iliwapa mwaka 2013 na tena 2018, tuseme inaruka kilomita 300 kwa saa na rada yake inachambua kilomita 30 kila upande. Hapo inafagia kilomita za mraba 18,000 kwa saa. Ikikaa kazini saa nne ni 72,000, kwa hiyo bahari nzima ni safari 18, na mvuvi haramu hangoji zamu yake. Ndiyo maana ndege huelekezwa kwa taarifa za setilaiti: wapi kuna meli iliyozima kifaa chake cha kujitambulisha kwa redio? Tena mwenye ndege mbili apange kazi kama mwenye moja. Ya pili iko kwa mafundi.

Mbona ndege za visiwani huchakaa mapema?

Chumvi. Hapa ndipo bajeti huvuja. Ndege ikishuka hadi mita 100 juu ya maji kusoma jina la meli, injini huvuta hewa ya chumvi. Chumvi hugandia mapanga ya kompresa, sehemu ya injini inayoshindilia hewa, hewa hupungua, joto hupanda, nguvu hushuka. Injini ioshwe siku hiyohiyo ikishapoa, kwa maji yaliyoondolewa madini, ikizungushwa na stata bila kuwaka; kisha iwashwe ikauke. Maji ya bomba huacha chokaa palepale mlipokuwa mnasafisha. Magurudumu na bawaba za mabawa zisuuzwe pia. Plagi za umeme ndizo wengi huzisahau: rada inakatika na kurudi, fundi anabadilisha kisanduku kizima cha mamilioni, kumbe ni pini moja iliyoota kutu ya kijani.

Aldabra inafikiwaje?

Ni kisiwa cha Ushelisheli kilicho zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mahé, kisiwa kikuu, na hakina uwanja wa ndege. Kwenda na kurudi pekee hula karibu mafuta yote, hivyo unahitaji akiba kwenye kisiwa chenye uwanja, kama Assumption jirani yake. Mapipa yalazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa chini ya usawa wa mafuta. Pipa lililosimama hukusanya mvua juu na kuifyonza usiku linapopoa. Kabla ya kujaza, lisimamishwe litulie, sampuli ya chini ipimwe maji, na mrija usiguse kitako.

Helikopta je?

Nzuri kwa kumwopoa mtu majini. Kwa masafa haya, haifiki.

Ndege ikimkuta mhalifu, inafanya nini?

Inapiga picha: jina, namba ya IMO (utambulisho wa kimataifa wa meli), nyavu zikiwa majini, saa na mahali. Kukamata ni kazi ya boti. Boti la kilomita 28 kwa saa, likiwa kilomita 200 mbali, litachukua saa saba, na ndege itakuwa imesharudi kwa kuishiwa mafuta. Kwa hiyo boti litangulie kung'oa nanga, ndege ifuate.