Anzeni na mashua, punda baadaye

Ukiwaambia watoto leo tunatengeneza katuni ya kupiga picha moja moja, jambo la kwanza watakalotaka ni watu wapigane. Wakatalie. Mtu ana mikono, miguu na shingo, vyote vya kusogezwa kidogo kidogo kila picha. Kabla ya ngumi ya kwanza kufika, mtoto ameshachoka, anaomba simu acheze gemu.

Watoto wa kaka yangu na wenzao hapa Langoni, Lamu, mimi huwaanzishia mashua. Haina miguu. Wanaikata kwenye kadibodi, wanaibandika tanga la karatasi, wanailaza juu ya karatasi ya buluu na kuipiga picha kutoka juu. Udongo wa rangi wa dukani unapendeza, lakini kwa joto letu hulegea, na ikifika adhuhuri nahodha ameshapinda mgongo.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha 12 kwa sekunde moja zinatosha kwa wanaoanza. Karatasi ya A4 ina urefu wa karibu sentimita 30. Mashua ikisogezwa nusu sentimita kila picha, itaivuka kwa picha 60, yaani sekunde tano. Kwa siku ya kwanza hizo ni nyingi!

Wakishaiona ikivuka, waulize: mashua ikitoka gatini hukurupuka hivi? Watoto wa hapa hawahitaji kufundishwa jibu. Basi picha za mwanzo waisogeze milimita moja au mbili, hatua ziongezeke kadiri tanga linavyoshika upepo, kisha zipungue inapokaribia kutia nanga. Hapo ndipo kadibodi inapopata uzito, na ndipo watoto wanapoanza kubishana kuhusu milimita. Waache wabishane.

Simu isitikisike. Weka ubao juu ya matofali, simu juu ya ubao, kamera ichungulie nje ya ukingo. Kwenye simu nyingi unaweza kupiga picha kwa kitufe cha sauti cha earphone zenye waya, ili kidole kisiguse kioo. Weka simu kwenye hali ya ndege pia, maana jamaa hupiga simu kazi ikiwa imekolea. Programu ninayotumia ni Stop Motion Studio. Ile ya bure inatosha, na inakuonyesha kivuli cha picha iliyopita ili ujue umesogeza kiasi gani.

Kinachosumbua zaidi ni mwanga. Wingu likipita juu ya kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, bahari yako ya karatasi inageuka rangi, na filamu inakuwa ya kuwaka na kuzima. Ingieni ndani, fungeni madirisha, tumieni taa moja, na mfunge mwanga na fokasi kwenye simu, visijibadilishe vyenyewe, kama inaruhusu. Halafu kuna kanzu. Watoto wakitoka chuoni, yaani madrasa, na kanzu zao nyeupe, kila anayeinama mezani anarusha mwanga kwenye karatasi, akirudi nyuma unapungua. Wavae fulana za rangi iliyokoza, na kabla ya kila picha mmoja aite, “Mikono nje!” Wakiwa wawili kwa simu moja, huyu asogeze, yule apige, kisha wabadilishane. Wakizidi watatu ni vurugu.

Punda sasa. Mkate miguu mbali mbali, uifunge kwa uzi wenye fundo kila upande ili izunguke. Kisha watoe watoto nje wakamtazame punda wa kubeba mchanga anavyotembea: mguu wa nyuma wa kushoto, wa mbele wa kushoto, wa nyuma wa kulia, wa mbele wa kulia. Wakubwa wengi hawalijui hilo ingawa wanapishana na punda kila siku.

Sauti irekodiwe mwisho, picha zikishakamilika. Upepo unapulizwa kwa mdomo, mbali kidogo na simu. Kwato ni vifuu viwili vya nazi, vigongwe kwenye sakafu ya saruji. Kwenye mkeka havisikiki.