Barua kwa Mwanangu: Nchi Ikiwa Vitani, Nani Anyamaze?

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza iwapo serikali ina haki ya kuwanyamazisha raia nchi inapokuwa vitani, na unasema mwalimu wenu wa sheria anaona haki hiyo haina mpaka. Mimi naona inao.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, mjomba wako alikuwa jeshini, naye akapelekwa huko. Barua yake moja tu ndiyo iliyotufikia, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na ndani yake hakutaja yuko wapi wala kikosi chao kinaelekea wapi. Hatukumlaumu, kwani neno moja kuhusu njia ya askari, likimfikia adui, huua watu. Anayeitoa siri ya namna hiyo akiadhibiwa, mimi simtetei.

Lakini siku zile zile bibi yako alikwenda dukani kununua mafuta ya taa, nami nimemshika kanga, akauliza kwa sauti yake ya kawaida ni vijana wangapi waliokwishakufa. Mwenye duka aliliweka chini kopo la kupimia, akachungulia barazani, kisha akamwambia, "Bi mkubwa, hayo hayaulizwi." Hakuna askari aliyemkataza, woga ulitosha. Swali lile lisingemsaidia Amin kwa lolote, ila lilikuwa haki ya mama aliyemtoa mwanawe.

Wakati ule Katiba ya Tanzania ya 1977 haikuwa na sehemu ya haki za raia. Iliingizwa mwaka 1984. Isome vizuri. Ibara ya 32 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari nchi ikiwa vitani, lakini tangazo hilo hufa baada ya siku 14 lisipoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na likiungwa mkono hudumu miezi sita, labda Bunge liongeze muda. Ibara ya 31, inayoruhusu haki zipunguzwe wakati huo, inazitaja ibara za 14 na 15 tu, yaani uhai na uhuru wa mtu. Ya 18, ya uhuru wa maoni, haimo. Najua ibara ya 30 imeacha mlango wa kuzibana haki kwa jina la ulinzi, na mlango huo ndio unaonitia hofu.

Hofu yangu ina sababu. Huko Marekani, Eugene Debs, mwanasiasa wa chama cha Kisoshalisti, alihutubia mjini Canton, Ohio, mwezi wa Juni 1918, akavipinga Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia bila ya kutoa siri yoyote ya jeshi, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mapigano yalisimama Novemba mwaka ule ule. Yeye aliingia gerezani Aprili 1919, akatoka Desemba 1921. Vita vilikwisha, adhabu ya maneno ikabaki.

Mjomba wako aliporudi, bibi yako alimpokea bandarini hapa Wete, na kabla hata mzigo haujateremshwa akamwuliza lile swali alilokatazwa dukani. Mjomba wako alikaa juu ya gunia la karafuu, akaanza kuwataja wenzake mmoja mmoja, akiwahesabu kwa vidole, na vidole havikutosha.

Mama yako