Ukikokotoa AUMC, chunga mkia

Nilipoanza kuchambua data za dawa, AUC, yaani eneo lililo chini ya mchoro wa ukolezi wa dawa, haikunisumbua. Unachora ukolezi wa dawa katika damu dhidi ya muda tangu dozi itolewe, unaligawa eneo lililo chini ya mchoro kuwa trapeza, unajumlisha. Kwa AUMC unazidisha kwanza kila ukolezi kwa muda wake, ndipo unachora na kujumlisha vilevile. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye mkia, yaani eneo linalobaki baada ya sampuli ya mwisho.

Mkia wa AUC ni ukolezi wa mwisho ukigawanywa kwa k, yaani kasi ya dawa kutoka mwilini, ambayo ni mteremko wa mchoro wa logi asilia mwishoni (bila alama ya kutoa). Nami kwa AUMC nikazidisha muda wa mwisho kwa ukolezi wa mwisho, nikagawanya kwa k, nikaishia hapo. Kumbe kuna kipande cha pili: ukolezi wa mwisho ukigawanywa kwa k mraba. Dawa iliyobaki haitoki yote papo hapo, na kila saa inayozidi kukaa mwilini lazima ihesabiwe.

Chukua dawa ya sindano ya mshipa inayoanza na 10 mg/L, k ikiwa 0.1 kwa saa. AUC yake kamili ni 100, AUMC ni 1000, hivyo MRT, wastani wa muda dawa inaokaa mwilini, yaani AUMC ukigawanya kwa AUC, ni saa 10. Ukiacha kupima saa ya 24, ukolezi ni 0.907. Mkia wa AUC ni asilimia 9 tu, lakini wa AUMC ni asilimia 31! Nilipokisahau kile kipande cha pili, MRT ilishuka hadi 9.1, na Vss, yaani ujazo ambamo dawa husambaa mwilini ikiwa katika hali tulivu, nao ukapungua, kwa kuwa unapatikana kwa kuizidisha MRT kwa kliaransi (ujazo wa damu unaosafishwa dawa kwa kila saa).

Kama dawa imeingia kwa dripu, toa nusu ya muda wa dripu kwenye MRT. Kama ni kidonge, MRT hiyo ina muda wa kufyonzwa ndani yake. Usiiite ya mwili peke yake.

Kabla ya kugusa data halisi, ningekuomba ujaribu lahajedwali lako kwa mfano huu wa 10 na 0.1. MRT ikikataa kukaribia saa 10, tafuta kosa kwanza. Halafu, ukiwa na uwezo wa kupanga sampuli, omba ya saa ya 48: mkia wa AUMC utashuka hadi karibu asilimia 5, mradi mashine ya maabara iweze kupima 0.08 mg/L.