Maswali ya Wasomaji: Kamera Mbele ya Kitambaa cha Kijani

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni vijana wa Langoni, Lamu, tunaorekodi mahojiano na wazee waliojenga majahazi. Mzee huketi mbele ya kitambaa cha kijani ili baadaye tuweke picha ya bandari nyuma yake. Lakini tukishaondoa kijani kwenye kompyuta, ukingo wa kofia huonekana kama uliogugunwa, kanzu huwa na rangi ya kijani, na vidole hutoweka kila mzee anapoashiria kwa mkono. Kamera tumeiacha ijipangie yenyewe. Tuipange vipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Kamera inayojipangia hubadilisha mwangaza na rangi kila mzee anapoinama au wingu linapopita dirishani, na kwa hiyo kijani cha mwanzo wa mahojiano hakifanani na cha mwisho wake, ilhali programu hutafuta rangi ileile mliyoichagua. Basi kila kitu kipangwe kwa mkono na kisiguswe mpaka mahojiano yaishe, ukiwemo urari wa weupe (yaani kuionyesha kamera kipi ni cheupe chini ya taa zenu), ambao mtaupima kwa karatasi nyeupe iliyoshikwa usoni pa mzee chini ya taa zilezile.

Kuhusu vidole, tatizo ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo rekodini fremu 25 kwa sekunde na mchague shata ya 1/50 au 1/100, ambazo hazileti mistari inayocheza kwenye picha. Wapigapicha wengi watawaambia 1/50, na kwa mahojiano ya kawaida wana haki. Kwenu ningechagua 1/100, maana mzee anayeeleza jinsi mbao zinavyopigiliwa huongea kwa mikono miwili, na mkono uliopita haraka kwenye 1/50 huacha ukungu uliochanganyika na kijani, ambao programu haiwezi kujua kama ni ngozi au ni kitambaa. Gharama yake ni kwamba mtahitaji mwanga maradufu. Msiifidie kwa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kwa sababu chenga, yaani vitone vinavyochezacheza kwenye picha, zikiingia kwenye kijani hakuna ukingo utakaokatika vizuri, ongezeni taa.

Ukingo wa kofia una kisa kirefu zaidi. Kamera nyingi za bei ya kati hurekodi kwa mfumo wa 4:2:0, yaani mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli lakini rangi huhifadhiwa mara moja tu kwa kila kundi la pikseli nne. Jicho halilalamiki, ila kazi ya kuondoa kijani hutegemea rangi, na hapo ndipo ukingo huonekana na meno. Kama kamera yenu ina 4:2:2 (rangi mara moja kwa kila pikseli mbili) ya biti 10 (ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8), itumieni. Kama haina, msikimbilie kununua nyingine: rekodini kwa 4K ya pikseli 3840 kwa 2160, kisha katika kompyuta mpunguze hadi 1920 kwa 1080, na kila pikseli ya picha ya mwisho itakuwa na kipimo chake cha rangi. Chagueni pia kiwango kikubwa kabisa cha data, mshushe ukali wa picha hadi chini, kwani ukali wa kamera huchora mstari mwembamba kuzunguka kofia, na msitumie mipangilio ya logi (inayorekodi picha iliyofifia ili irekebishwe baadaye) ikiwa kamera ni ya biti 8.

Tundu la lenzi liwe kati ya f/4 na f/5.6, ili pua, masikio na mabega yote yawe makali.

Kijani cha kwenye kanzu hakitokani na mipangilio. Ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa, na kanzu nyeupe huupokea kuliko vazi lolote. Mzee aketi angalau mita 2 mbele ya kitambaa. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Tundikeni kitambaa kwenye ukuta mfupi wa mwisho na kamera ikae upande wa pili, mkitumia urefu wa chumba. Kitambaa kiwe na taa zake, sawasawa kutoka pembe hadi pembe na zisizozidi mwanga wa uso. Kisha pimeni mwangaza kwa kanzu: mikunjo yake ikionekana, hamjazidisha, uso ukibaki na giza, usogezeeni taa badala ya kufungua lenzi.

Na akija mgeni aliyejifunga leso yenye kijani, tundikeni kitambaa cha buluu, na mtarajie chenga kuongezeka kidogo, kwa kuwa vihisi vya kamera nyingi vina vipokezi vya kijani maradufu ya vile vya buluu.