Kwa Nini Tuliziacha Namba za Kirumi?

SWALI: Saa ya ukutani nyumbani kwa babu haina 1, 2, 3, bali ina I, II, III hadi XII. Mwalimu alisema hizo ni namba za Kirumi. Je, watu wa kale walihesabu tofauti na sisi, au waliandika tu tofauti?
Mwanafunzi wa darasa la tano, Tanga

JIBU: Mbuzi watano walikuwa watano kwa Mrumi kama walivyo watano kwako. Tofauti kubwa imo katika maandishi, na ili uione vizuri, chukua daftari tuiandike namba moja tu, 888, kwa mikono ya watu mbalimbali.

Mmisri wa kale alikuwa na kijiti kwa moja, upinde kwa kumi, kamba iliyoviringwa kwa mia na ua la yungiyungi kwa elfu. Kwa milioni alichora mtu aliyeinua mikono juu, kana kwamba anaustaajabia wingi huo. Kwa 888 alichora kamba nane, pinde nane na vijiti vinane, yaani alama 24. Hata ukizivuruga alama hizo, jumla yake haibadiliki, kwa kuwa kila moja hubeba thamani yake popote iendapo.

Mrumi alijipunguzia kazi kwa kuongeza alama za tano, hamsini na mia tano, akaandika DCCCLXXXVIII, herufi 12. Jaribu kuizidisha namba hiyo kwa XLVII, ndipo utakapoelewa kwa nini Warumi walipiga hesabu kwa vijiwe juu ya ubao, kisha herufi wakaziachia kazi ya kuandika jibu.

Sisi tunaandika nane mara tatu, basi. Nane ya kulia ni ya mamoja, ya katikati ni ya makumi na ya kushoto ni ya mamia: tarakimu ni ile ile, lakini thamani yake inatokana na kiti ilichokalia. Siri hii ya nafasi Wababeli waliijua kabla yetu, ingawa wao walihesabu kwa mafungu ya sitini, hivyo 888 kwao ilikuwa 14 ikifuatwa na 48, maana sitini mara 14 ni 840. Shida yao ilikuwa kiti kitupu. Kwa karne nyingi hawakuwa na alama ya kukionyesha, kwa hiyo kabari moja iliyochapwa kwenye udongo iliweza kuwa 1 au 60, na msomaji alilazimika kukisia kutokana na habari yenyewe.

Kiti hicho ndicho kilichopewa sifuri. Huko India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa sifuri, akiihesabu kuwa namba kama nyingine. Waarabu waliipokea elimu hiyo na kuieneza, na mwaka 1202 Fibonacci wa Pisa aliwaandikia Wazungu kitabu cha kuwafundisha tarakimu hizo. Neno letu "sifuri" limetoka kwa Waarabu hao, na kwao maana yake ni tupu.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kwa mdomo bado tunahesabu kama Mmisri. Ukitamka 805 unasema "mia nane na tano", unaitaja mia kwa jina lake, wala sifuri huigusi. Ni kwenye karatasi tu ambako ukiisahau, 805 inageuka 85.

Sasa rudi kwenye saa ya babu. Dakika zake 60 zimetokana na mafungu ya Wababeli, na herufi zake ni za Warumi. Itazame nne kwa makini, kwa sababu saa nyingi za aina hiyo huiandika IIII badala ya IV. Kisha subiri alasiri mshale mfupi ufike hapo, umuulize babu ni saa ngapi: atakujibu kuwa ni saa kumi.