Kapata 42 kemia, na hakuna maelezo
Dada, umeuliza 42 ya kemia isiyo na neno la mwalimu inakuambia nini kuhusu mwanao. Kwa gredi za kidato cha nne Tanzania hiyo ni D, kwani C inaanzia 45. Zaidi ya hapo, haikuambii kitu, na inaniuma. Ombeni karatasi yenyewe. Kwenye titresheni, yaani jaribio la kupima ukolezi wa asidi au besi, tazama jedwali: usomaji wa bureti (mrija wenye alama za ujazo) una desimali mbili? Jaribio la kwanza, la kukadiria tu, kaliingiza kwenye wastani? Hayo ni makosa ya utaratibu, akielekezwa anayaacha haraka. Kama hajui kusawazisha mlinganyo, hapo kazi ni kubwa, aanze na valensi, yaani uwezo wa atomi kuungana na nyingine. Mwombe mwalimu aandike walau sentensi moja kando ya kila swali alilokosa.