Re: Nimemwita mdogo wangu mzigo, nimwombe vipi msamaha?

Dada, umesema ulimwambia mdogo wako "wewe ni mzigo tu humu ndani" mbele ya mumeo, kisha ukamtumia "samahani kama nimekukwaza" kwa WhatsApp, na sasa ni wiki ya pili hakusemeshi. Ningekuwa yeye nisingejibu pia.

Hiyo "kama" ndiyo imeharibu. Ni sawa na kumwambia huenda hajaumia, anadeka tu. Na "samahani" yenyewe tumeichosha, tunaitumia hata kumpita mtu kwenye daladala. Mwambie "nisamehe", halafu litaje neno lenyewe: "Nilikuita mzigo, nimekosa." Ukijisikia unaelekea kwenye "lakini nilikuwa nimechoka", funga mdomo.

Mimi niliwahi kumwambia mke wangu mbele ya wageni kwamba chai yake ni kama maji ya kuoshea vyombo. Utani, eti. Usiku chumbani nikamwomba radhi, akasema yameisha. Wapi! Kila akija mgeni ananiambia, "Chemsha wewe." Yaliisha siku wageni wale wale walipokuja tena, nikasema mbele yao kwamba nilimkosea adabu. Kikombe cha pili alinimiminia mwenyewe.

Kwa hiyo mumeo awepo. Na usimpe hela siku hiyo, ataona unamnunua, tena kwa jambo lile lile ulilomsimanga. Asipojibu, mwache. Mpakulie chakula kama kawaida, usimuulize "bado umenuna?"